Kisiki cha Kabeji Kisitupwe

Watu wengi wakisha kukata kabeji hung'oa kisiki chake wakakitupa jalalani, au wakawapa mbuzi. Kwetu ni Kasingirima, upande wa Ujiji, na jambo hili nimeliona katika bustani nyingi zilizo nyuma ya nyumba. Lakini kisiki kile bado ki hai, nacho chaweza kuzaa tena. Katika makala haya nataka kueleza jinsi mavuno ya pili yanavyopatikana, lini yanafaa, na lini hayafai.

Kwanza tutazame habari ya maji, maana kwetu ndiyo kazi kubwa. Mvua za Kigoma huanza karibu na Novemba na kwisha Mei. Toka Juni hata Septemba ni kiangazi, na bustani huishi kwa ndoo. Mbegu za kabeji zikisha kusiwa, miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na baada ya kuhamishwa huhitaji kama miezi mitatu mpaka ifunge vichwa. Jumla ni miezi minne ya kumwagilia. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kushika ardhi, nacho hutoa vichwa vidogo katika wiki sita hadi nane. Kwa hiyo kazi ya maji ni kama nusu tu. Na kwa kuwa wachotaji wa ndoo hizo mara nyingi ni mama zetu na dada zetu, ambao baadhi yao huchota kabla ya kwenda shule, nusu hiyo si kitu kidogo.

Sasa sababu yake ni nini? Kila jani la kabeji, mahali liliposhikana na shina, lina jicho dogo, kama macho ya shina la mhogo. Macho hayo hulala maadamu kichwa kipo. Ncha ya mmea hutoa kichocheo kiitwacho oksini, ambacho hushuka shinani na kuyazuia yasichipue. Mwaka 1933 wataalamu wawili, Kenneth Thimann na Folke Skoog, walieleza jinsi kichocheo hicho kinavyozuia macho ya pembeni. Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, uliofanywa kwa mimea ya njegere, ulionyesha kwamba ncha ikiondolewa, sukari iliyokuwa ikienda huko huyafikia macho na kuyaamsha. Mama zetu hawakusoma habari hizi, lakini wanazitumia kila siku: mchicha ukikatwa juu huchipua pembeni, na matembele vivyo hivyo.

Njia yenyewe ni rahisi:

Kwanza, kata kichwa kwa kisu kikali, wala usikivunje kwa mkono. Acha kisiki pamoja na majani yote ya chini yaliyo mazima, kwa sababu majani hayo ndiyo yatakayotengeneza chakula cha machipukizi.

Pili, kata mshazari kidogo ili maji yasituame juu ya jeraha. Wengine huchanja alama ya kujumlisha juu ya kisiki, yenye kina cha sentimeta moja hivi. Haidhuru kisiki kikiwa kizima, lakini machipukizi hutoka hata bila alama hiyo.

Tatu, palilia, tia samadi iliyooza vizuri kuzunguka kisiki, na mwagilia kama kawaida.

Nne, machipukizi yakifika urefu wa kidole, chagua mawili au matatu yenye nguvu na uyaondoe mengine. Hayo yaliyoondolewa yasitupwe. Ni mboga laini sana.

Katika bustani ya shule tulibakiza mistari miwili ya visiki. Vichwa vilivyopatikana vilikuwa vya ukubwa wa ngumi. Anayetazamia kabeji kubwa ya sokoni atasikitika, lakini kwa sufuria ya nyumbani vinatosha.

Ndugu wengine wa kabeji wana desturi zao. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, na ncha huachwa. Shina likirefuka mno na majani yakawa madogo, likatwe juu, litachipua pembeni. Figiri nayo huchumwa majani mara nyingi kabla ya kutoa maua. Brokoli hutoa vichwa vidogo vya pembeni baada ya kile kikubwa kukatwa. Koliflawa kwa kawaida haitoi kichwa cha pili, basi ing'olewe.

Lakini si kila kisiki kifaacho kuachwa. Ukisha kukata, tazama mahali ulipokata. Ukiona duara jeusi ndani ya shina, huo ni ugonjwa wa uozo mweusi. Ng'oa kisiki hicho, ukichome moto, wala usikitie katika mboji. Visiki vyenye vidukari wengi au viwavi vya nondo navyo visiachwe, maana vitalea wadudu watakaokula miche ya jirani. Tena kabeji hupenda ubaridi kama ule wa Manyovu na Kasulu. Huku chini ziwani jua ni kali, kwa hiyo mavuno ya pili hufaa zaidi kwa kabeji zilizokatwa Juni, wakati usiku una baridi kidogo.

Wako wazee wasemao kwamba kisiki huchosha udongo. Neno lao lina ukweli, ndiyo maana nimetaja samadi, na ndiyo maana vuna mara ya pili tu, usingoje ya tatu. Mvua za Novemba zikikaribia, ng'oa vyote upande maharage au mahindi mahali pale, na kabeji zihamie tuta lingine.

Wanafunzi wenzangu, likizo ya Juni ndiyo wakati ambapo kabeji zilizopandwa Machi hukatwa. Ukifika nyumbani, waombe wazazi visiki vitano tu vya kujaribia, na kazi ya kuvimwagilia uichukue wewe mwenyewe. Ukirudi shuleni, wadogo zako wataendelea. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.