Viognier: Zabibu yenye manukato iliyoponea chupuchupu kutoweka

KUNA mvinyo mweupe ambao harufu yake humfikia mnywaji kabla bilauri haijagusa mdomo. Hunukia maua ya michungwa, asmini na matunda yaliyoiva vizuri, hata mtu akadhani umetiwa marashi. Lakini hakuna kilichoongezwa. Manukato hayo yote hutoka kwenye zabibu yenyewe, na mojawapo ya zabibu mashuhuri zaidi kwa sifa hiyo ni Viognier, jina linalotamkwa 'vionyee'.

Leo hii Viognier hulimwa katika mabara kadhaa. Hata hivyo, kwa muda mrefu katika karne iliyopita ilikuwa imebakisha hatua chache tu kufika kaburini.

Kwao ni kusini mwa jiji la Lyon, Ufaransa, kwenye miteremko mikali inayoutazama mto Rhône. Huko ndiko kuliko kijiji cha Condrieu pamoja na Château-Grillet, shamba dogo la takriban hekta tatu na nusu. Kwa mujibu wa sheria za Ufaransa, mvinyo unaouzwa kwa mojawapo ya majina hayo mawili hutengenezwa kwa Viognier pekee. Château-Grillet ilipata utambuzi huo mwaka wa 1936 na Condrieu mwaka wa 1940.

Kuna masimulizi kuwa Kaisari Probus wa Roma ndiye aliyeagiza miche yake iletwe kutoka Dalmatia katika karne ya tatu. Masimulizi hayo hayana ushahidi. Uchunguzi wa vinasaba, kwa upande mwingine, umeonyesha kwamba Viognier ina undugu wa karibu na Mondeuse Blanche, ambayo ni mzazi mmoja wa Syrah, zabibu nyeusi inayotawala katika bonde hilo hilo. Dalili ni kwamba zabibu hii ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, wala si mgeni kutoka mbali.

Siri ya harufu yake imo katika kemikali ziitwazo terpeni. Mojawapo, linaloli, hupatikana pia katika mbegu za dania. Nyingine, geranioli, hupatikana katika maua ya waridi. Yeyote anayeionja Viognier na kukumbuka bustani au jikoni, basi pua yake haijamdanganya.

Kero ya mkulima huanzia hapo hapo. Manukato hayo hukomaa kwa kuchelewa, zabibu inapokaribia kuiva kabisa. Wakati huo sukari hupanda kwa kasi nao uchachu hushuka. Akivuna mapema, mkulima hupata mvinyo usio na harufu ya kutajika. Akichelewa siku chache, hupata mvinyo mzito, wenye kileo kingi na usioburudisha. Isitoshe, mzabibu wenyewe huzaa kwa uchache na hushambuliwa upesi na ukungu.

Haishangazi basi kwamba wengi waliutupa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kidudu kiitwacho filoksera, ambacho hushambulia mizizi ya mizabibu, kiliangamiza mashamba kote Ufaransa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, vijana waliotegemewa kujenga kuta za mawe na kupanda miteremko kwa jembe walipelekwa vitani, na wengi hawakurejea. Waliosalia walivutiwa na kazi za viwandani, au wakaona heri walime matunda na mboga kwenye ardhi tambarare.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Viognier yote iliyosalia Ufaransa ilikuwa takriban hekta 14, yaani ekari 35 hivi. Hilo ni eneo ambalo mtu angelizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana.

Miongoni mwa waliokataa kung'oa mizabibu alikuwa Georges Vernay wa Condrieu, aliyechukua shamba la babake mwaka wa 1953. Vernay aliendelea kupanda Viognier na kukarabati matuta wakati ambapo wengine waliyaacha yageuke vichaka, tena akawahimiza majirani wafanye vivyo hivyo. Alifariki mwaka wa 2017, baada ya kushuhudia zabibu hiyo ikifufuka na bintiye, Christine, akiendeleza kazi.

Ufufuo huo ulienea mbali. Mwaka wa 1980, kampuni ya Yalumba ilipanda Viognier katika bonde la Eden, Australia. California ilifuata katika muongo huo huo, kisha Afrika Kusini. Ufaransa yenyewe sasa ina maelfu ya hekta, nyingi zikiwa kusini mwa nchi. Katika eneo la Côte-Rôtie, linalopakana na Condrieu, wakulima wanaruhusiwa kuchanganya hadi asilimia 20 ya Viognier na Syrah ili kuupa mvinyo mwekundu harufu nzuri.

Kwa anayetaka kuifahamu, mengi ya mvinyo huu hufaa kunywewa ungali mchanga, kabla manukato hayajafifia. Usipoozwe kupita kiasi, kwani baridi kali hufungia harufu ndani. Huandamana vyema na vyakula vya viungo visivyowasha sana, hasa mchuzi wa nazi.

Anayeinusa Viognier leo, iwe Lyon au Cape Town, ananusa kitu ambacho kilikaribia kubaki jina tu vitabuni. Hakikuokolewa na sheria wala na soko, maana sheria ilikuwepo tangu 1936 na mashamba yakazidi kupungua. Kiliokolewa na wakulima wachache walioendelea kupalilia mteremko usiolipa. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.