Je, Wajua? Utamu Usio na Sukari

Sogea hapa kwenye benchi, agiza strungi yako, ila hicho kijiko kiweke chini kwanza. Leo tunahesabu!

Je, wajua kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi, yaani kalori 16? Sasa mchukue jamaa yetu wa pale Ruangwa mjini anayetia vijiko 4 kwenye kikombe, vikombe 3 kwa siku. Kwa mwaka mmoja kanywa kilo 17 na nusu za sukari, na soda hatujaigusa!

Je, wajua kuna kitu kinaitwa sukralozi, kitamu mara 600 kuliko sukari? Jamaa huyo huyo angeumaliza mwaka mzima kwa gramu 29. Gramu, ndugu yangu, si kilo!

Na kilivyogunduliwa utacheka. Ni London, mwaka 1976: mtafiti Shashikant Phadnis aliambiwa na mkubwa wake aipime kemikali fulani, yeye akasikia aionje. Akaionja! Na unajua utafiti ule ulikuwa wa ubia na nani? Tate & Lyle, kampuni ya sukari.

Usidhani alikuwa peke yake. Mwaka 1879, Constantin Fahlberg alikuwa Baltimore, Marekani, akichezea lami ya makaa ya mawe. Akaenda kula chakula cha jioni bila kunawa vizuri, mkate ukawa mtamu ajabu. Hiyo ndiyo sakarini, mara 300 ya sukari!

Mwaka 1937 Michael Sveda aliweka sigara yake kwenye meza ya maabara, akairudisha mdomoni, ikawa tamu: saiklameti hiyo. Mwaka 1965 James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, alilamba kidole ili ashike karatasi, akakutana na aspatemi. Miaka miwili baadaye, Ujerumani, Karl Clauss naye akalamba kidole namna hiyo hiyo na kupata asesalfemu. Mwalimu wa kemia akiwa karibu, sehemu hii isome kimoyomoyo.

Haya, turudi nyumbani. Je, wajua mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walishusha matrekta Nachingwea ili walime karanga, wakajenga na reli kutoka Mtwara? Mradi ulikufa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikaenda na maji. Na miaka hiyo hiyo, huko kwao Uingereza, sukari ilikuwa ya mgawo! Mgawo haukuisha hadi 1953, na sakarini ndiyo iliyokuwa ikiokoa chai za watu.

Karanga zenyewe sasa. Kwenye kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari mwilini, ambacho glukosi ni 100, karanga ziko kwenye 14 tu! Andazi lako hapo kwenye sahani linazitazama kwa mbali sana.

Je, wajua bibo lina uzito mara 5 hadi 10 ya korosho yake? Kila gunia la korosho linaloondoka Nachingwea limeacha rundo la mabibo chini ya mikorosho. Na tunda hilo unalolikanyaga lina vitamini C mara 4 au zaidi ya chungwa! Ila ukiwa na kisukari usiligeuze maji ya kunywa: karibu sehemu 1 ya 10 ya uzito wake ni sukari.

Najua unachotaka kuuliza. Uraka wa mabibo je, si hamira imeshaila sukari yote? Imekula nyingi, ndiyo, lakini imekuachia pombe, na gramu moja ya pombe ina kalori 7 wakati ya sukari ina 4. Usije ukasema nimekuruhusu.

Na asali ya porini? Shika benchi. Kijiko kikubwa cha asali kina kalori 64, cha sukari 49! Asali ni sukari kwa karibu asilimia 80, iwe imetoka mzinga wa gogo au duka la kifahari. Mimi naipenda kupita kiasi, lakini anayekuambia asali haipandishi sukari mwilini anakupoteza.

Je, wajua lipo jani tamu kuliko miwa yote uliyowahi kutafuna? Linaitwa stevia. Waguarani wa Paraguay walilitia kwenye vinywaji vyao karne na karne, na leo linalimwa hapa jirani, Kericho nchini Kenya! Kitamu kinachokamuliwa humo ni mara 200 hadi 300 ya sukari, na kalori zake hazifiki hata za kuzungumzia.

Afrika Magharibi nao wana tunda jekundu la msituni, katemfe, lenye protini tamu zaidi ya mara 2,000. Protini, kama ya maharage! Lakini zote hizo ni watoto mbele ya lagdunemu, iliyotengenezwa Lyon, Ufaransa, miaka ya 1990: zaidi ya mara 200,000. Kilo moja yake ingefanya kazi ya tani 200 za sukari, malori 20 ya tani 10 yamejipanga barabarani! Usiitafute dukani, haijaruhusiwa kuliwa.

Je, wajua paka wako hajui utamu ni nini? Jeni ya kuonja sukari kwake imekufa. Wanasayansi walilithibitisha hilo mwaka 2005. Kuku naye hivyo hivyo! Mbwa ndiye anaonja, na hapo pana hatari: zailitoli, kitamu kinachotiwa kwenye bazoka zisizo na sukari, humuua mbwa. Wewe utatafuna salama, kwa kalori 2.4 kila gramu, zaidi kidogo ya nusu ya za sukari.

Salama, lakini usivimbiwe! Zailitoli na nduguye sorbitoli zikizidi tumboni huvuta maji. Safari ya basi kutoka Nachingwea kwenda Lindi si mahali pa kulijaribu jambo hilo.

Umeshaona kile kikopo cha vidonge vya utamu duka la dawa, kidogo kama kiberiti, ukibonyeza kinadondosha kimoja? Kidonge hicho kidogo kuliko punje ya mbaazi kinasimama badala ya kijiko kizima cha sukari. Ila kama ni cha aspatemi, kitie kwenye chai iliyokwisha kuiva, usikikaangie vitumbua: moto mrefu unaua utamu wake! Sukralozi na stevia ndizo zinazovumilia jiko.

Je, wajua ugali hauna hata kijiko cha sukari, na bado unaipandisha? Karibu wanga wote wa mahindi unaishia kuwa glukosi tumboni. Ndiyo maana mtu anaweka kidonge kwenye chai, anajipongeza, halafu anashindilia mlima wa ugali na kipimo kinasoma juu vile vile. Biskuti "zisizo na sukari" nazo ni unga wa ngano, au umesahau?

Je, wajua mwaka 1989 utafiti wa vijijini Tanzania ulikuta wenye kisukari hawafiki 1 katika kila watu wazima 100? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 9! Chupa ya soda ya mililita 350, kwa taarifa yako, ina vijiko 9 vya sukari. Zimelingana kwa bahati tu, lakini nimeshindwa kuzitenganisha.

Sasa hili litakushangaza. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu kama sakarini, sukralozi na stevia ili kupunguza uzito, maana kwa muda mrefu havisaidii. Ushauri huo uliwaweka kando watu wa kundi moja tu: wale ambao tayari wana kisukari!

La mwisho, na hili mwambie kila mtu nyumbani. Mgonjwa aliyechoma insulini akaanza kutetemeka, jasho likamtoka na akawa anaongea yasiyoeleweka, sukari imemshuka. Hapo stevia haifui dafu, sakarini haifui dafu, na soda isiyo na sukari ni maji matupu! Kama bado anaweza kumeza, mpe sukari yenyewe, vijiko 4 vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Upesi, na chai yako iache ipoe.