Cheni Nayo Hulika

"Fundi, hii ni ya cheni au ya belti?" Kila anayeniletea gari la kukagua kabla ya kununua huuliza hivyo. Nikisema cheni, anatulia. Nikisema belti, anaanza kumshusha muuzaji bei. Swali hili limenichosha, maana nyuma yake kuna imani kwamba cheni ya taimingi haiguswi mpaka gari liishie kwenye vyuma chakavu. Imani hiyo inaua injini nzima.

Cheni ina pini kwenye kila kiungo. Pini zikisagika, cheni nzima hurefuka na kamshafti inayozungushwa nayo huanza kuchelewa. Kinachoikaza ni tenshona, na kwenye injini nyingi tenshona husukumwa na presha ya oili. Kwa hiyo uhai wa cheni umo ndani ya oili. Mwenye Probox ya injini ya 1NZ-FE anayekimbiza kilomita 15,000 kwa oili ya kupima asinitambie cheni. Ikiruka meno ya kutosha, pistoni hugonga valvu, na valvu hupinda.

Linaloniudhi zaidi ni tiba ya mtaani. Gari likiwashwa asubuhi linakwaruza kwa sekunde chache, basi mwenye gari anaambiwa aweke oili nzito, au amimine kopo la dawa ya kuzima kelele. Oili nzito injini ikiwa ya baridi hupanda taratibu, na sekunde hizo ndizo tenshona inapoihitaji kuliko wakati wowote. VVT-i, mfumo unaobadili taimingi ya valvu, nayo inategemea oili hiyo hiyo. Kelele itapungua, kusagika hakupungui. Umelipa ili usisikie.

Na belti inayodharauliwa? Land Cruiser ya 1HZ ni ya belti, na hakuna aliyewahi kuiita gari bovu. Corolla ya zamani yenye 5A-FE, belti ikikatika gari linazima tu, valvu hazikutani na pistoni. Inafungwa mpya, safari inaendelea. Linganisha na BMW ya N47: cheni imewekwa nyuma, upande wa giaboksi. Kuifikia tu ni kazi ya pesa nyingi.

Basi fanya hivi. Gari la belti limetoka Japani? Tafuta stika ya kubadilishia belti ndani ya chumba cha injini. Kama haipo, badilisha, wala usiamini kilomita za kwenye dashibodi. Toyota nyingi za petroli ni kila kilomita 100,000. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Badilisha na beringi zake, na pampu ya maji kama inazungushwa na belti hiyo. La cheni, weka oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, umwage kila kilomita 5,000. Likikwaruza asubuhi, lifunguliwe wiki hiyo hiyo, na cheni mpya ifungwe pamoja na tenshona na reli zake mpya, hata fundi akikuapia kwamba za zamani bado nzima.