Jiwe jeupe: ni pemba ao ni chokaa?

Juma iliyopita dada mmoja mwenye mimba alikuja kwenye mkutano wetu na mawe mawili meupe katika mfuko. Moja alilinunua sokoni kama pemba ya kutafuna. Lingine mtoto wake aliliokota kando ya barabara, akaliweka katika sahani ileile. Hakujua tena lipi ni lipi, na sisi, kwa macho tu, tulishindwa.

Basi tukaleta ndimu, tukakamua matone juu ya kila moja. La kwanza lilinyonya maji kimya: hilo ni udongo, pemba. La pili likatoa povu dogo, kama fanta inapofunguliwa. Hilo ni jiwe la chokaa. Msumari unalikwaruza, na mara nyingi lina rangi ya kijivu. Jiwe la namna hii lilijengeka chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo, hapa kwetu Katanga palikuwa bahari! Mawe ya Kakontwe, kule Likasi, yana zaidi ya miaka milioni 600.

Jiwe hilo lenyewe si sumu. Tunaogopa chokaa iliyochomwa katika tanuru, ile ya kupaka nyumba na kumwaga chooni. Ikiwa bado mbichi, ikikutana na maji inapata moto mkali, inaunguza mdomo na macho. Kipande chake kinafanana sana na pemba, na kinaweza kukosa povu. Kwa hiyo ndimu haisemi kwamba kitu ni cha kula. Chokaa ikiingia katika jicho la mtoto, osha palepale kwa maji safi mengi, dakika 20 ao zaidi, kisha kimbilia kituo cha afya.

Na pemba ya kweli? Wengi wetu tuliila wakati wa mimba, hatumcheki mtu. Lakini inazuia fer ya chakula isiingie mwilini, na pemba nyingine ina risasi, inayoharibu akili ya mtoto tumboni. Tena, hamu ya kula udongo inaweza kuwa alama kwamba damu imepungua. Mwambie muuguzi siku ya CPN, bila haya.

Dada yetu aliacha pemba mezani. Juma hii anaenda kupimwa damu, na mmoja wetu atamsindikiza.