Kilo za kituo cha mwisho: mwisho wa fishie ndani ya CMS Pipelines

Wandugu, na lisansi yangu ya agronomia sikuwaza kugusa mainframe hata siku moja. Lakini nilipata kazi ya kujumlisha kilo za kahawa kutoka vituo vya kuoshea, na mashine ya mnunuzi inatumia z/VM. Kule kuna CMS Pipelines, kitu alichobuni John Hartmann wa IBM Denmark.

Mmeona watu wanashusha mifuko kutoka ku bwato, wamejipanga mstari? Kila mmoja anapokea mkononi, anapitisha mkononi. Hakuna anayeweka mufuko chini. Njo vile rekodi zinatembea:

PIPE < KILO DATA A | LOCATE /KIVU/ | TAKE 5 | CONSOLE

Hatua ya kwanza inasoma fishie, LOCATE inapitisha mistari yenye neno KIVU tu, TAKE inachukua tano, CONSOLE inaonyesha. Anayetoa anangoja mpaka anayepokea amalizane na rekodi. Ukijiandikia hatua yako kwa REXX, unachungulia kwa PEEKTO, unapitisha kwa OUTPUT, halafu READTO inamwachilia wa nyuma. Ukianza na READTO unamwachilia mapema, na mahali njia zimegawanyika mbili, rekodi zinaweza kufika bila mpangilio. (SORT ni mambo ingine: yeye lazima akusanye zote kwanza.)

Sasa mwisho wa fishie. Hakuna rekodi inayokuja kusema « nimeisha ». Hatua ikimaliza kazi, njia zake zinakatika pande zote mbili. Wa mbele akitaka kusoma anapata namba 12. Wa nyuma akitaka kuandika, naye anapata 12. Kwa hiyo TAKE ikipata ya tano inaondoka, LOCATE inaona hakuna wa kupokea, inaondoka pia, mpaka msomaji wa fishie. Hata fishie ikiwa na mistari milioni, haisomwi yote bure. Hapo nilipenda sana.

Lakini 12 hiyo hiyo njo ilinipiga. Hatua yangu ilikuwa inaandika jumla kila jina la kituo linapobadilika. Juu kabisa niliweka SIGNAL ON ERROR, kama wanavyofanya wengi, ili 12 inirushe ku mstari wa kutoka. Kumbe kituo cha mwisho hakina jina linalokifuata! Jumla yake ilibaki mkononi mwangu, mi nikatoka nayo. Programu haikulalamika, ilimaliza vizuri kabisa. Karani wa kile kituo njo aliona, siku mbili kabla ya kulipa prime: wakulima wake wote hawakuwa ku listi. Nilimpigia simu kuomba radhi, sikujua niseme nini.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: 12 ikifika wakati wa kusoma, njia ya mbele bado iko wazi, basi toa jumla ya mwisho kwa OUTPUT kabla ya kutoka. Nikafurahi, nikajaribu na fishie tupu, ikanitolea jumla ya kituo kisicho na jina, kilo sifuri. Nikaongeza sharti: toa tu kama ulishapokea hata rekodi moja. Sasa najaribu kila hatua mara tatu: fishie tupu, fishie ya mstari mmoja, na fishie ya vituo viwili. Listi ya prime ilirekebishwa usiku ule, na kituo kile kikalipwa pamoja na vingine.