Je, Wajua? Ndani ya "human" kuna udongo

Neno la Kiingereza "human" lina udongo ndani yake! Asili yake ni Kilatini. "Homo", yaani mtu, ni ndugu wa "humus", ardhi. Chota konzi ya mboji shambani, ile nyeusi, laini, ya majani yaliyooza: kwa Kiingereza huitwa "humus" hadi leo.

"Humble", mnyenyekevu, limechipuka hapohapo. Ni aliye chini, karibu na vumbi.

Hadi karne ya 18, "human" na "humane", mwenye utu, yalikuwa neno moja.

Na neno letu "binadamu"? Ni mwana wa Adamu, kutoka Kiarabu. Jina hilo kwa Kiebrania, "adam", ni mtu, na "adama" ni udongo. Inapendeza mno: Kilatini na Kiebrania si ndugu, lakini wamekutana ardhini.