Mizani ya mwili yatafutiwa soko

KULI anayepanda ubao kwenye gati ya Kasanga, mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiwa begani, anategemea kiungo ambacho mwenye shehena hakiweki katika hesabu zake. Kiungo hicho kimo ndani kabisa ya sikio. Kikiharibika, kuli amekosa kazi, na saruji iliyosafiri kilomita 112 kutoka Sumbawanga ili ivuke kwenda Kongo inaweza kuishia ziwani.

Watafiti wa Ulaya na Marekani wanakitafutia kiungo hicho vifaa vya kukisaidia, na penye kifaa hapakosi muuzaji. Ni vyema wafanyabiashara wakaijua bidhaa yenyewe kabla matangazo hayajawafikia.

Kila sikio lina mifereji mitatu midogo yenye umajimaji, pamoja na vifuko viwili. Kichwa kikigeuka, umajimaji hubaki nyuma na kuinamisha vinyweleo, navyo hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva. Mwenye hitilafu hapo humudu mchana kwa msaada wa macho. Giza likiingia, au chombo kikianza kuyumba, ndipo huanguka.

Njia ya kwanza ya kumsaidia ni rahisi mno. Vibandiko viwili huwekwa nyuma ya masikio na kupitishiwa mkondo dhaifu wa umeme, mara nyingi chini ya miliampia 1, unaopanda na kushuka bila mpangilio. Ajabu ni kwamba vurugu hiyo ndogo huisaidia ishara hafifu ya neva kufikia kiwango cha kutambuliwa na ubongo. Katika majaribio, baadhi ya wazee na wagonjwa wamepungua kuyumba wanaposimama. Kama nafuu hiyo hudumu baada ya kuzima swichi, wataalamu hawajakubaliana.

Kibiashara, hapo ndipo penye kasoro. Betri na nyaya chache ni bidhaa ambayo fundi yeyote anaweza kuiiga, hivyo faida haitakaa mikononi mwa mvumbuzi. Gharama halisi iko katika kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London, akiwamo Qadeer Arshad, walitangaza kwamba umeme hafifu uliopitishwa kichwani ulipunguza kichefuchefu kwa watu waliokalishwa kwenye kiti kinachozunguka na kuinama. Arshad alitumaini kwamba katika miaka 5 hadi 10 mtu angeweza kukinunua kifaa hicho dukani. Abiria wa boti za Ziwa Tanganyika wangekinunua hata kesho, lakini miaka 10 imepita na wengi wao bado wanategemea vidonge na ndimu.

Njia ya pili inataka mtaji mkubwa: kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilichapisha mwaka 2021 matokeo ya wagonjwa 8. Kusimama na kutembea kwao kulielekea kuwa bora, lakini usikivu wa sikio lililopandikizwa ulipungua kwa wote isipokuwa mmoja. Kifaa hicho ni ndugu wa kile cha usikivu, ambacho Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza mwaka 2017, na ambacho kampuni ya Cochlear ya Australia imekitegemea tangu hisa zake zilipoingia sokoni mwaka 1995. Kwa upande wa mizani bado ni mapema. Wagonjwa 8 si soko.

Kuna tarakimu moja katika ripoti hiyo inayowahusu moja kwa moja wauza dawa wa Rukwa. Kati ya wagonjwa hao 8, 7 waliharibiwa mizani yao na dawa. Zinazojulikana zaidi kwa madhara hayo ni sindano za gentamaisini na streptomaisini. Hii ya pili ilichomwa kwa miaka mingi katika miezi ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu.

Gentamaisini ni rahisi kwa bei na huokoa maisha ya watoto wachanga. Kipimo chake hutegemea uzito wa mgonjwa na hali ya figo zake, ndiyo maana ni dawa ya cheti. Mwenye duka anayemchoma kuli sindano hiyo bila cheti, kwa homa isiyopimwa, anagusa mizani ambayo hadi sasa hakuna kifaa cha dukani kinachoirudisha.